Historia ya Rangi ya Motokaa, na Jinsi Fundi Anavyoilinganisha

Maneno haya yalisemwa kwanza katika redio, na sasa yamepigwa chapa ili mpate kuyasoma polepole. Anayesoma kwa shida asione haya kuweka kidole chini ya neno, na anayesoma upesi amngoje mwenzake.

Somo letu ni la rangi ya motokaa. Labda mmoja wenu atauliza, "Je, rangi ya motokaa nayo ina historia?" Inayo, tena ndefu, na ndani yake tutakuta pamba, magamba ya samaki na baruti za vita, vitu ambavyo mtu hafikirii kuvikuta katika kopo la rangi.

Tuanze na jambo mnalolijua. Gari limegongwa mlangoni katika njia ya kutoka Bunda kwenda Musoma. Mwenyewe analipeleka gereji. Fundi anaugonga mlango kwa nyundo mpaka unyoke, anajaza puti penye mabonde, anasugua kwa msasa, kisha anapuliza rangi. Gari lilikuwa jeupe, na rangi aliyotia ni nyeupe. Lakini gari likitoka juani, mlango ule waonekana kama kiraka kipya juu ya kanzu ya zamani. Mwenye gari ananung'unika, fundi naye anaapa kwamba alinunua rangi nyeupe kweli. Basi nani ana haki? Ili tujibu, yatupasa kwanza kujua rangi ni kitu gani.

Rangi ya kupaka ina sehemu tatu. Ya kwanza ni unga wenye rangi yenyewe. Ya pili ni gundi inayoushika unga ule usipeperuke. Ya tatu ni maji au tina ya kuilainisha, ambayo huruka hewani rangi ikikauka. Watu wa nchi yetu walijua jambo hili zamani sana. Huko Kondoa, katika majabali, kuna picha za watu na wanyama zilizochorwa na wazee wa kale, na mwaka 2006 shirika la UNESCO liliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nyingi ni nyekundu. Wekundu ule ni udongo wenye kutu ya chuma. Nendeni leo katika duka la rangi mwulize rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile inayopakwa kwanza juu ya bati tupu. Unga uliomo ni kutu ya chuma vilevile. Mchoraji wa Kondoa angeutambua.

Hapa nitachepuka kidogo, kwa sababu sisi ni watu wa kusoma na kuandika. Angalieni lugha yetu. Twasema gari jeusi, kitabu cheusi, nguo nyeusi. Twasema gari jeupe, gari jekundu. Maneno haya matatu hugeuka kufuata jina, kama yanavyogeuka maneno "zuri" na "baya". Rangi nyingine hatuna neno la namna hiyo. Hutaja kitu chenye rangi ile: rangi ya majani, ya kahawia, ya manjano, ya zambarau, ya chungwa, na kijivu kutoka katika jivu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu kuhusu majina ya rangi katika lugha nyingi za dunia. Waliona kwamba lugha yenye majina machache kabisa huwa na jina la nyeusi na la nyeupe, na ikiongezeka moja, la tatu huwa nyekundu. Hivyo Kiswahili hakina upungufu wowote. Lakini kwa fundi wa motokaa maneno hayatoshi katika lugha yoyote. "Rangi ya majani" ni majani ya mgomba au ya mkonge? "Kijivu" ni jivu la kuni gani? Shikeni swali hili, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye motokaa zenyewe. Za kwanza zilipakwa rangi kama yalivyopakwa magari ya kukokotwa na farasi. Fundi alipaka kwa brashi, akangoja siku kadhaa ikauke, akasugua, akapaka tena, na tena. Gari moja lilichukua wiki tatu au nne kabla ya kuwa tayari, wakati mwingine zaidi. Mwenye kiwanda alihitaji nyumba kubwa ya kuweka magari yaliyokuwa yakingoja kukauka tu.

Henry Ford wa Marekani alianza kutengeneza gari lake liitwalo Model T mwaka 1908. Mwaka 1913 alianza kuzitengeneza motokaa zikiwa zinasogezwa mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akitia kipande chake. Gari lililohitaji zaidi ya saa kumi na mbili kuunganishwa likawa tayari kwa saa moja na nusu hivi. Sasa fikirini. Gari limeunganishwa kwa saa moja na nusu, kisha likae wiki tatu kungoja rangi! Haiwezekani. Kwa hiyo tangu 1914 mpaka 1925 gari la Model T lilipakwa rangi nyeusi tu. Rangi hiyo nyeusi ilikuwa rahisi na yenye nguvu, na ilikaushwa katika tanuri. Wakati ule kazi ya kulinganisha rangi ilikuwa nyepesi kabisa. Gari lako jeusi likipasuka, ulipaka nyeusi, basi.

Lakini mwanadamu hachoki kutaka kizuri. Wengi walitaka magari ya buluu, ya kijani, ya damu ya mzee. Na hapa ndipo inapoingia pamba.

Ninyi wa Bunda mmelima pamba, au wazee wenu walilima. Mwajua kwamba baada ya kinu kutoa nyuzi ndefu, mbegu hubaki na manyoya mafupi. Manyoya yale hayafai kufumwa nguo. Wataalamu waliyachovya katika asidi kali, yakageuka kuwa kitu kingine kabisa, ambacho kikitengenezwa hivi huwa baruti, kikitengenezwa vile huwa filamu za sinema, na kikiyeyushwa vizuri huwa rangi ing'aayo. Kampuni ya Du Pont ya Marekani ilikuwa na viwanda vikubwa vya baruti wakati wa Vita vya kwanza vya Dunia, 1914 mpaka 1918. Vita vilipokwisha, ilitafuta kazi nyingine ya kufanya na elimu ile. Ikatoa rangi iliyoitwa Duco. Mwishoni mwa 1923 kampuni ya General Motors iliwaonyesha watu magari yake ya Oakland, ya mwaka 1924, yamepakwa rangi hiyo, buluu. Ilipulizwa kwa bomba la hewa, nayo ikakauka kwa muda wa saa chache tu badala ya wiki.

Jambo hili lilibadili biashara yote. Mnunuzi aliweza sasa kuchagua rangi, na gari la mwaka jana likaanza kuonekana la kizamani. Ford naye alilazimika kurudisha rangi nyingine mwaka 1926, na mwaka 1927 alikoma kutengeneza Model T, baada ya kutoa zaidi ya milioni 15. Mimi nafikiri wako watu wengi wanaomsifu Ford kwa ule weusi wake kana kwamba ulikuwa hekima kuu. Ulikuwa hekima ya muda tu, nao muda ukapita.

Rangi ile ya pamba ilikuwa na ubaya wake. Ilishika moto upesi, kwa kuwa ni ndugu ya baruti. Na ikipulizwa penye hewa yenye unyevu, kama pwani au kandokando ya ziwa asubuhi, hutia ukungu mweupe kama maziwa. Ilihitaji pia kusuguliwa sana ili ing'ae. Baadaye ikaja rangi ya enameli katika miaka ya 1930, na rangi ya akriliki katika miaka ya 1950.

Katika miaka ile ya 1930 palikuwa na jambo ambalo watu wa Musoma watalipenda. Watu walitaka gari ling'ae kama fedha. Wakajaribu kutia katika rangi unga wa kung'aa uliotolewa katika magamba ya samaki wa baharini. Ulipendeza sana, lakini samaki wengi mno walihitajika kwa unga kidogo, na bei yake ikawa ya matajiri peke yao. Mahali pake pakachukuliwa na vipande vidogo sana vya alumini, vyembamba kuliko karatasi. Magari yenye rangi ya fedha mnayoyaona leo yana alumini hiyo. Hata hivyo, kwa fundi huo ndio mwanzo wa taabu, kama tutakavyoona.

Vita vya pili vya Dunia navyo viliacha alama yake. Gari la Land Rover lilionyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 1948. Yale ya kwanza yalikuwa ya kijani, kwa sababu Uingereza ilikuwa na rangi nyingi ya kijani iliyobaki, ambayo ilikuwa imekusudiwa kwa ndani ya ndege za vita. Watu wengi wa Tanganyika walipoona motokaa ya kwanza ikiingia kijijini mwao, ya bwana shamba au ya chama, ilikuwa Land Rover. Na tukitaja ndege, yuko pia Michael Grzimek, Mjerumani aliyehesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard, kwa ndege iliyochorwa milia ya punda milia. Ndege ile iligongana na tai, ikaanguka tarehe 10 Januari 1959, naye akafa. Nimetaja habari hii kwa kuwa sehemu kubwa ya Serengeti imo katika mkoa wetu. Haya, turudi kwenye magari.

Bidhaa nyingi za Musoma zilipita ziwani. Katika miaka ya 1960 zilianza meli za kubeba mabehewa ya reli, Umoja na Uhuru, zikaunganisha bandari za Kisumu, Jinja, Mwanza na Musoma. Kopo la rangi lililofika hapa kwa njia hiyo lilikuwa adimu, na fundi alitumia alichokipata. Tangu miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa, yaliingia magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani. Haya hutofautiana rangi kuliko yote yaliyotangulia, nayo ndiyo yanayojaa katika gereji zetu.

Sasa tulijibu swali letu la mlango mweupe.

Weupe wa gari hutoka katika unga wa madini yaitwayo titani. Kenya walichimba mchanga wenye madini haya huko Kwale, tangu 2013 mpaka mwisho wa 2024, wakausafirisha ng'ambo. Unga wa titani ni mweupe sana, lakini kiwanda hakiutii peke yake. Huongeza tone la nyeusi, au la manjano, au la buluu. Ndiyo maana kuna nyeupe ya maziwa, nyeupe ya chokaa na nyeupe ya yai. Aliyenunua "rangi nyeupe" bila kusema nyeupe ipi ni kama aliyekwenda sokoni akaomba "samaki" tu.

Wenye viwanda walitambua zamani kwamba maneno hayatoshi, ndipo wakaanza kutumia tarakimu. Huko Ujerumani mwaka 1927 walianzisha orodha iitwayo RAL, ya rangi 40, kila moja na namba yake. Mwaka 1931 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikubaliana njia ya kuipima rangi yoyote kwa hesabu, kwa kufuata jinsi jicho la mwanadamu lionavyo. Leo kila gari lina namba ya rangi. Katika gari la Toyota tafuteni kibati kidogo penye nguzo ya mlango au chini ya boneti, palipoandikwa C/TR. Alama inayofuata ndiyo ya rangi. 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi. Ndugu zangu, hii ni faida moja ya kujua kusoma ambayo mtu hakuambiwa alipoanza a, e, i, o, u. Mwenye gari asiyejua kusoma kibati hutegemea neno la muuza rangi. Anayejua huandika namba katika karatasi, akaenda dukani akasema, "Nataka hii." Muuzaji hutazama katika kitabu au kompyuta yake, naye hupima kila unga kwa mizani, gramu kwa gramu.

Je, namba yatosha? Haitoshi. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na rangi ile kweli. Lakini limekaa miaka kumi au ishirini katika jua. Musoma iko karibu na Ikweta, na jua letu ni kali. Nyekundu hupauka zaidi ya nyingine. Nyeupe huingia umanjano. Kwa hiyo fundi mwema kwanza huliosha gari na kulisugua kwa dawa ya kung'arisha, apate kuona rangi yake ya kweli chini ya vumbi na chumvi ya jasho. Kisha huchanganya kwa namba, hupaka kidogo katika kipande cha bati, hungoja kikauke, ndipo akilinganisha. Asiyengoja hudanganyika, maana rangi mbichi na rangi kavu si sawa. Ikiwa imekosa, huongeza tone moja, hupaka tena. Fundi mmoja huweza kurudia mara tano. Mwenye gari akimwona hivyo asidhani ni mvivu.

Kuna mtego mwingine, na huu umewashinda hata wenye vyombo. Rangi mbili zaweza kuwa sawa kabisa ndani ya gereji, chini ya taa, lakini zikitoka nje zikaachana. Isaac Newton wa Uingereza alionyesha katika miaka ya 1660 kwamba mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Mwanga wa taa una mchanganyiko mwingine. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa unga tofauti huweza kurudisha mwanga sawa chini ya taa, zisirudishe sawa juani. Kwa hiyo kanuni ni moja: kipande cha bati kipelekwe nje, kitazamwe juani na kivulini pia, asubuhi na mchana.

Rangi ya fedha ndiyo ngumu kuliko zote. Vile vipande vya alumini vikilala chali kama magamba, rangi hung'aa. Vikisimama ovyo, huonekana nyeusi. Kulala au kusimama kwao hutegemea mkono wa fundi: umbali wa bomba, nguvu ya hewa, wingi wa tina. Kopo moja, mafundi wawili, rangi mbili. Kwa sababu hiyo fundi stadi hakomi kwenye ukingo wa mlango uliovunjika. Huiendeleza rangi hafifu hafifu kuingia katika ubati wa jirani, jicho lisione mpaka. Halafu hufunika zote kwa tabaka la juu lisilo na rangi, mfano wa kioo, ambalo viwanda vingi vimelitumia tangu miaka ya 1980. Akipata siku yenye vijidudu vya ziwa, kazi yote ya asubuhi hujaa vidoadoa, akaanza upya kwa msasa. Mafundi wa Musoma wanajua.

Mmeona basi kwamba fundi na mwenye gari wote wawili walikuwa na haki kidogo, na kosa kidogo.

Liko jambo zito zaidi. Rangi ni ushahidi. Kila gari lina matabaka: ya kuzuia kutu, ya chini, ya rangi, ya juu. Gari likimgonga mtu usiku na kukimbia, punje ya rangi hubaki katika nguo au baiskeli. Wapelelezi huitazama kwa darubini, wakayahesabu matabaka kama mtu ahesabuvyo tabaka za kitunguu. Polisi wa Kanada wana hazina kubwa ya habari za rangi za magari kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu kadi ya gari huandikwa rangi yake, na anayeligeuza gari lote rangi nyingine yampasa kuwaarifu wenye kuandikisha magari. Ukiletewa gari saa nne usiku na mtu anayetaka ubavu mmoja upakwe upesi kabla ya mapambazuko, uliza lilikotoka.

Na wewe unayekusudia kununua gari lililotumika, pale Makutano au mjini Bunda, kazi ya ulinganishaji ikiwa nzuri mno itakuficha ajali. Tazama gari juani, ukisimama pembeni, usisimame mbele. Fungua milango, tazama kingo na mipira kama kuna rangi iliyoruka. Gonga bati kwa kifundo cha kidole. Penye puti nene sauti hufa. Sumaku ndogo nayo haishiki vizuri penye puti. Fundi hana kosa kwa kuficha kiraka, hiyo ndiyo kazi aliyolipwa. Kosa ni la muuzaji akisema halijagongwa.

Hata wenye kuhifadhi historia wana mabishano katika jambo hili. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, zimewekwa motokaa za zamani zilizowabeba viongozi, za Mwalimu Nyerere zikiwamo. Mwalimu, kama mjuavyo, alizaliwa Butiama mwaka 1922, akazikwa huko 1999. Gari la namna hiyo lipakwe upya ling'ae, au liachwe na mikwaruzo yake? Mimi niko upande wa mikwaruzo. Rangi mpya ingependeza macho, lakini ile ya zamani ndiyo iliyokuwako siku zile.

Mwisho ni afya ya fundi mwenyewe. Rangi nyingi za siku hizi huchanganywa na dawa ya kukazia, yenye kitu kiitwacho aisosayaneti. Mvuke wake ukiingia kifuani huweza kuleta pumu isiyopona upesi, na mtu aliyekwisha kuudhurika hata kidogo tu baadaye humtesa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii mvuke. Kinachofaa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Vumbi la kusugua rangi za zamani nalo huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu kwa watoto zaidi ya wote. Kwa hiyo watoto wasicheze gereji, na fundi abadili nguo kabla ya kumpakata mwanawe.

Kabla ya somo lijalo, kila darasa litafute gari moja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mtafute kibati, mwandike namba ya rangi katika daftari. Kisha kila mwanafunzi aandike kwa maneno yake mwenyewe rangi anayoiona, bila kutazama daftari la jirani. Someni maneno hayo kwa sauti, mwone ni wangapi walioandika neno moja.